Lomo ya Manila Haina Kosa

Likitajwa neno lomo mbele ya mwanaisimu, swali huwa lile lile: mbona Wafilipino wamelikosea? Kamusi ya Kihispania inasema lomo ni nyama ya mgongo, lakini mteja akiiagiza buchani Manila hukatiwa ule msuli laini wa ndani ya kiuno cha ng'ombe, ambao Hispania huuita solomillo.

Swali lenyewe ni bovu.

Wanaozungumza Kihispania hawajawahi kukubaliana juu ya lomo. Hispania, mara nyingi ni nyama ya mgongoni ya nguruwe, hata ile iliyopakwa pilipili nyekundu ikakaushwa. Mexico, msuli laini wa ng'ombe huitwa filete. Argentina, ukisema lomo unapewa msuli ule ule wanaoutoa Wafilipino. Anayetaka kumsahihisha muuza nyama wa Manila aanzie Buenos Aires, kisha aeleze Kihispania sahihi ni cha nani.

Tena, neno likishakopwa, mkopeshaji hana amri juu yake. Igreja kwa Kireno ni kanisa. Waswahili walilichukua likawa gereza, na hakuna mwenye akili timamu anayedai kwamba wamekosea.

Imani hii kwamba Wafilipino wamekosea ina pacha wake: kwamba kwa kuwa Hispania ilitawala Ufilipino kuanzia 1565 hadi 1898, kila jina la buchani ni la Kihispania. Si kweli hata kidogo. Baadhi ndiyo: baka, yaani ng'ombe, imetoka kwenye vaca. Kostilya, mbavu, kwenye costilla. Pata, mguu wa nguruwe, haikubadilika hata herufi. Lakini liempo, nyama ya tumbo la nguruwe, pamoja na kasim ya bega na goto ya utumbo, ni maneno ya Kihokkien, lugha ya wafanyabiashara Wachina wa Fujian waliofika visiwani kabla ya Wahispania. Na baboy, nguruwe mwenyewe, ni neno la wenyeji. Kuyaita yote Kihispania ni kuwafuta Wachina na Wafilipino katika historia ya jikoni mwao.

Anayekwenda sokoni aulize matumizi, aachane na kamusi. Steki ya kukaangwa haraka, lomo. Supu ya kuchemka muda mrefu, kenchi ya muundi au punta y pecho ya kidari. Ya kuchoma, liempo. Ya kuchemshwa kisha kukaangwa hadi ngozi ikauke, pata. Akiwa na shaka, aonyeshe kwa kidole kabla kisu hakijashuka.