Mvua Ndiyo Kalenda ya Ndege wa Mbulu na Hanang

Mwaka 1789 kasisi Gilbert White, wa kijiji cha Selborne huko Hampshire, Uingereza, alichapisha kitabu kilichofuatilia, pamoja na mengine, lini mbayuwayu hurudi kijijini na lini hutoweka. (Wanakokwenda hakukujua vizuri, alishuku kwamba baadhi yao hujificha humo humo Uingereza na kulala hadi baridi iishe.) Waingereza wameishika desturi hiyo mpaka leo. Bata bukini kutoka Iceland huanza kutua Norfolk mwezi Septemba, mbayuwayu hurudi Aprili, na mwenye hamu ya kuwaona anachohitaji ni kujua mwezi. Kwao inafaa, kwa sababu majira yao yanatawaliwa na baridi na urefu wa mchana, na mambo hayo hayachelewi. Tatizo ni kwamba vitabu vya watalii vimeibeba desturi hiyo hadi Tanzania, nchi yenye aina zaidi ya 1,100 za ndege, na kutupa jedwali: kuanzia Novemba hadi Aprili njoo utazame ndege. Ukilifuata jedwali hilo katika wilaya za Mbulu na Hanang utakosa mengi, maana ndege wengi wa huku hufuata maji, na maji hayana miadi.

Chukua Ziwa Balangida, lililolala chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, upande wa kaskazini wa Mlima Hanang. Hakuna mto unaotoka ziwani humo. Maji yanayoingia huondoka kwa kukaushwa na jua, yakiacha chumvi na magadi, na miaka ya ukame watu wa Gendabi huzoa chumvi mahali ambapo mwaka mwingine pangekuwa maji matupu. Heroe mdogo, ndege wa waridi ambaye wengi humwita flamingo, anaishi kwa kuitegemea hali hiyo. Huinamisha shingo hadi mdomo ukae kichwachini majini, kisha ulimi unasukuma maji kama pampu, na vichujio vilivyo ndani ya mdomo vinanasa vijimea vya kijani-buluu visivyoonekana kwa macho. Vijimea hivyo hustawi kwenye maji yenye magadi makali. Ziwa likifurika, ukali unapungua na chakula kinaadimika. Likikauka, hakuna chakula kabisa. Neema iko katikati, na katikati hiyo mwaka mmoja huangukia Juni, mwaka mwingine Februari, na upo mwaka ambao haifiki. Utafiti uliotolewa mwaka 2024, uliotumia picha za setilaiti kuchunguza maziwa 22 ya Afrika Mashariki wanakokula heroe, ulionyesha kwamba kupanda kwa maji kumepunguza chakula chao katika maziwa yao kadhaa makubwa. Basotu, magharibi ya mlima, linakwenda kinyume. Maji yake hayana magadi na lina samaki, kwa hiyo mnandi na kulastara huzidi kukusanyika kadiri madimbwi ya jirani yanavyokauka. Maziwa mawili ya wilaya moja, na hali ya hewa ile ile inayoliharibu moja hulijaza jingine ndege.

Mtu atauliza: je, wageni wa kutoka ng'ambo? Si wanafika Novemba na kuondoka Aprili, kila mwaka? Ni kweli, na hapo jedwali lina haki yake. Korongo weupe wa Ulaya huanza safari mchana unapofupika kwao, hawasubiri mawingu ya Hanang. Lakini kufika Afrika Mashariki ni jambo moja, na kutua shambani kwako ni jambo jingine. Korongo hao hushukia mahali penye panzi na viwavijeshi, na viwavijeshi hulipuka baada ya mvua za kwanza. Kozi wa Amur, anayetoka mashariki ya Siberia na kaskazini ya China na kuvuka Bahari ya Hindi, hupita huku mwishoni mwa mwaka akila kumbikumbi angani. Kumbikumbi hawaruki kabla ardhi haijalowa. Vuli ikikawia, kozi haoni sababu ya kukaa. Anaifuata mvua iliko.

Ushahidi mzito kuliko wote ni wa ndege ambaye hakuna mtalii anayemlipia, yaani kwelea kwelea. Hula mbegu za nyasi zilizodondoka ardhini. Mvua za mwanzo zinapozichipusha, mezani kwake hapabaki kitu katikati ya neema ya wengine, naye huiruka mvua hiyo na kwenda mahali iliponyesha majuma kadhaa kabla, ambako nyasi changa zimeshatoa mbegu mpya. Peter Ward aliueleza mwenendo huo mwaka 1971. Ndiyo maana mkulima wa mtama au wa ngano ya Basotu anaweza kupumua misimu miwili, wa tatu akavamiwa na wingu la ndege ambao kila mmoja hula takriban gramu 10 kwa siku. Afisa kilimo anayewasubiri kwa tarehe atachelewa. Anayefuatilia mvua imenyesha wapi na lini ana nafasi ya kuwahi.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi: ndege wakazi. Shorobo wa misitu ya milimani hahami. Wala mnana mkia-mwekundu, ambaye karibu eneo lake lote duniani ni kaskazini mwa Tanzania, hahitaji kuviziwa; makundi yake na viota vyake vikubwa vya nyasi ovyo ovyo kwenye migunga havikosekani. Hapo nakubali, mwezi wowote unafaa. Hata hivyo kumwona ndege na kuiona kazi yake ni vitu viwili. Yaeda Chini, wilayani Mbulu, mlembe huwaongoza Wahadzabe hadi kwenye mizinga ya nyuki, na utafiti wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba mlembe wa huko huitikia mluzi wa Wahadzabe mara tatu zaidi kuliko mlio wanaoutumia Wayao wa Niassa, Msumbiji. Mlembe yupo mwaka mzima. Asali ndiyo haipo mwaka mzima, kwa kuwa inangoja maua, na maua yanangoja mvua.

Kwa hiyo mwenye wiki moja tu ya likizo apige simu mjini Katesh, wilayani Hanang, kabla ya kukata tiketi, aulize Balangida lina maji kiasi gani na vuli ilianza lini. Akiambiwa ziwa limekauka, aende Basotu. Akiambiwa limefurika, asubiri lishuke.