Maji ya Murang'a ni Akiba ya Nani?

Kila mvua kubwa inaponyesha Nairobi, wakazi wa jiji hilo humshukuru Mwenyezi Mungu, kisha huuliza kwa hasira: mbona mabomba yetu yangali makavu? Swali hilo lilisikika sana wakati wa masika ya mwaka 2018, mitaa ilipofurika hata magari yakakwama, ilhali mgawo wa maji ulioanza Januari 2017 ulikuwa bado haujaondolewa. Jawabu lake ni jepesi, ingawa halipendezi. Mvua inayoujaza mji matope siyo inayojaza bwawa. Maji ya Nairobi hutoka katika milima ya Aberdare, na sehemu yake iliyo kubwa kupita zote huwekwa katika Bwawa la Ndakaini, huko Gatanga, Kaunti ya Murang'a.

Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1994. Ukuta wake una kimo cha zaidi ya mita 60, na likijaa hubeba mita za ujazo zipatazo milioni 70. Hulishwa na mito ya Thika, Githika na Kayuyu, na maji yake hupita katika mahandaki chini ya vilima hadi kwenye mitambo ya kusafishia ya Ng'ethu. Bwawa la Sasumua la mwaka 1956 hubeba kiasi cha milioni 16, na lile la Ruiru, ambalo ni la zamani zaidi, milioni tatu tu. Ni dhahiri basi kwamba jiji zima limetundikwa kwenye msumari mmoja.

Bwawa ni ghala. Hujazwa masika, kati ya Machi na Mei, likaongezwa vuli, kati ya Oktoba na Desemba. Miezi iliyobaki ni ya kula. Mwenye funguo za ghala hilo hana uganga wa kujua mvua ijayo. Akifungulia sana kwa matumaini, kiangazi kitamuumbua. Akibana mno, watu wataona kiu na kisha masika yatakuja kumwaga bure kile alichokibana. Vuli ya mwaka 2016 ilipokosa kunyesha, Ndakaini ilishuka vibaya mwaka uliofuata. Ilipofika katikati ya mwaka 2018, ghala lile lile lilikuwa limejaa hadi kufurika. Sisi tunaona ni heri mgawo mdogo unaoanza mapema, bwawa lingali na nusu yake, kuliko mgawo mkali unaotangazwa tope likianza kuonekana. Viongozi huuogopa mgawo wa mapema kwa sababu unaudhi wapiga kura. Hiyo si hoja ya maji.

Tena kuna israfu. Zaidi ya theluthi moja ya maji yanayosafishwa kwa ajili ya Nairobi hupotea au huibwa kabla ya kulipiwa. Kujenga bwawa jipya ili kulisha mabomba yanayovuja ni kuchota kwa pakacha.

Huko juu milimani nako kuna kazi isiyoonekana. Miteremko ya Murang'a ni mikali, na udongo wake mwekundu hukimbilia mtoni pasipo matuta wala majani ya kuuzuia. Ukifika bwawani hukaa chini na kupunguza nafasi ya maji. Mfuko wa Maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ulioanzishwa mwaka 2015, umewasaidia wakulima kuchimba matuta na kupanda majani kando ya mito. Ni jambo jema. Lakini mkulima mwenye ekari moja anayeacha ukanda wa shamba lake uote majani anailindia Nairobi ghala lake, na ni haki aulize atapata nini.

Hapa ndipo penye kidonda. Mpango Mkuu wa Maji wa mwaka 1974 uliwaahidi Wakenya wote maji safi karibu na nyumba zao ifikapo mwaka 2000. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, imeyafanya maji hayo kuwa haki. Hata hivyo wakazi wa Murang'a wamelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba mabomba makubwa huyapita mashamba yao yakielekea jijini, nao wakiteka mtoni. Sasa kuna handaki la kilomita 11.8 linalochukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati kuyapeleka Ndakaini, lililokusudiwa kutoa mita za ujazo 140,000 kwa siku. Wananchi waliambiwa kwamba litachota maji ya ziada tu, yale ya mafuriko.

Hatulipingi handaki hilo. Nairobi nayo ina watoto wenye kiu. Tunachotaka ni vipimo. Kina cha kila mmoja wa mito hiyo mitatu, juu ya mlango wa handaki na chini yake, kibandikwe kila wiki sokoni na katika vituo vya kukusanyia chai, kwa lugha ambayo mkulima anaisoma, ili mwezi wa Februari, mto ukipungua, aweze kujua mwenyewe ni jua lililoukausha au ni handaki.