Mafuta Yavujapo Gurudumuni

Wengi wenye Toyota Land Cruiser za zamani, za mfululizo wa 40 au wa 60, ambazo ekseli yake ya mbele ni gogo moja la chuma lenye tufe la kugeuzia gurudumu katika kila ncha, wakiona mafuta meusi yametambaa juu ya tufe hilo hukimbilia dukani kununua oili sili, ilhali sili aghalabu ndiyo iliyodhulumiwa wala siyo iliyokosa.

Ndani ya tufe hukaa grisi nzito, na mafuta ya difu yana makao yake ndani ya ekseli. Kinachovitenga ni sili ya ndani, ambayo ulimi wake wa mpira hubanwa juu ya shafti kwa springi nyembamba. Ulimi ukilegea, mafuta huvuka, na grisi hugeuka uji. Mwenye kutaka yakini na afungue kizibo kilicho juu ya tufe, atumbukize waya safi: grisi ikiung'ang'ania, sili ina uhai bado, ikichuruzika na kunuka kiberiti, mafuta yamekwisha kuvuka.

Walakini, kabla ya kufungua lolote, tazama tundu la kupumulia lililo juu ya ekseli, kwani difu ikipata moto hewa iliyomo hutanuka, na tundu likizibwa na tope la masika, hewa hiyo huyasukuma mafuta yapenye hata chini ya sili mpya. Kisha kagua bushi na beringi, maana shafti inayoyumba haina sili ya kuifaa. Baya zaidi ni mfereji ambao ulimi huuchimba katika chuma kwa kusugua mahali pamoja miaka ayami. Pitisha ukucha, nao ukinasa, sili mpya isipigwe ndani mno, ipate kugusa chuma kizima. Mafundi wanaofuta mfereji kwa msasa siwaafiki: huipunguza shafti unene.

Sili za nyuma zisingojewe hata siku moja, kwani mafuta yake huishia kwenye breki.

Sili kuukuu ing'olewe kwa kulabu, bila kukwaruza nyumba yake. Mpya ipakwe grisi ulimini, upande wenye springi uelekee difu, igongwe taratibu kwa bomba lililo sawa na ukingo wake. Shafti nayo irudishwe ikiwa imeinuliwa kwa mkono mpaka meno yake yashike katika difu, kwani ikiburuzwa, meno hayo huuchana ulimi, na kazi yote ikawa ya kuanzwa upya.