Tona Iliyojazwa Upya na Kopi Zenye Kijivu

Mtumiaji aliyejaziwa upya katriji ya printa yake ya leza hurudi dukani akiwa na karatasi mkononi. Maandishi yanasomeka, lakini karatasi nzima imetandwa na kijivu, na muhuri wa cheti alichokinakili haueleweki. Muuzaji humjibu kuwa printa ndiyo mbovu. Huenda ni kweli. Lakini huenda pia kosa limo katika unga aliouziwa, na mtumiaji asiyejua unga huo unavyofanya kazi hana la kujibu.

Tona si wino wa majimaji. Ni unga wa plastiki uliotiwa rangi, na punje yake moja ina upana wa takriban maikromita 5 hadi 10, kama sehemu ya kumi ya unene wa unywele. Plastiki haipitishi umeme, na kazi yote imejengwa juu ya sifa hiyo. Punje inapogonga kitu kingine, chaji kidogo sana ya umeme huhama pale vilipogusana. Vikiachana, chaji hiyo haina njia ya kurudi, kwa kuwa haiwezi kutiririka ndani ya plastiki kama inavyotiririka katika waya wa shaba. Mgongano mmoja si kitu, lakini punje hugongana mara nyingi mno, na chaji hujilimbikiza. Kitana cha plastiki kilichopitishwa katika nywele kavu huvuta vipande vya karatasi kwa sababu iyo hiyo.

Katika mashine nyingi kubwa za kutoa kopi, tona hukorogwa pamoja na vishanga vidogo vinavyovutwa na sumaku, ili kugongana navyo kuipe chaji. Katika printa nyingi ndogo, unga husuguliwa kati ya rola na ukingo mwembamba. Dramu, ambayo mwanga umeichora ukurasa kwa chaji, huuvuta unga huo, karatasi huupokea, kisha joto huuyeyusha ukagandamana na karatasi. Chester Carlson, aliyefanikiwa kutoa nakala ya kwanza ya namna hii huko New York tarehe 22 Oktoba 1938, alisugua bamba lake kwa leso na kulinyunyizia unga wa mimea. Mashine zimebadilika sana, kanuni ni ile ile.

Kinachompasa mtumiaji kukizingatia ni hiki: aina ya chaji ambayo punje hupata hutegemea imegongana na nini. Hata ukubwa una athari, kwani punje za kitu kimoja zikigongana, mara nyingi ndogo hubaki na chaji hasi na kubwa na chaji chanya. Kwa hiyo unga wa aina nyingine ukimiminwa juu ya mabaki ya ule wa zamani, punje za pande mbili hugongana zenyewe kwa zenyewe, na baadhi hupata chaji isiyotakiwa. Hizo hutua mahali palipopaswa kubaki peupe. Zenye chaji hafifu hupeperuka na kuchafua mashine ndani. Unyevu nao hupunguza chaji. Anayeishi pwani asiache katriji wazi wakati wa masika.

Kabla ya kulipa, mtumiaji aulize kama mabaki yataondolewa na kama unga ni wa modeli ya printa yake. Stakabadhi itaje aina ya unga, na ukurasa wa majaribio uchapwe mbele yake.

Tona ikimwagika, isifyonzwe kwa mashine ya kawaida ya kufyonzea vumbi. Punje hupenya mfuko wake na kurudi hewani tunayoivuta; zaidi ya hayo, zikigonga kuta za bomba la plastiki hulimbikiza chaji, na cheche moja yaweza kuwasha vumbi hilo. Ifutwe taratibu kwa kitambaa kilicholowa maji baridi, bila kupuliza. Nguo ikunguteshwe nje, kisha ifuliwe kwa maji baridi, kwani maji ya moto huyeyusha plastiki na doa halitatoka.

Kopi ikitoka na kijivu, mtumiaji asiitupe. Airudishe dukani pamoja na katriji na stakabadhi, na asijaze unga mwingine juu yake kabla lalamiko halijasikilizwa.