Nani Hao "Wanaosema"? Anwani ya Mchoro wa Sorolla na Maisha ya Wavuvi wa Valencia

Tunapochambua riwaya au shairi, aghalabu huanza na anwani, kisha tukaiacha mlangoni na kuingia ndani. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba katika mchoro mmoja wa pwani ya Hispania anwani haiachiki hivyo. Ukiiondoa, mchoro wenyewe hubadilika maana.

Mchoraji ni Joaquín Sorolla, aliyezaliwa Valencia mwaka wa 1863 na kufariki mwaka wa 1923. Kazi zake nyingi alizichota katika Cabañal, makazi ya wavuvi yaliyounganishwa na jiji la Valencia mwaka wa 1897 tu. Mtu wa pwani yetu asingejiona mgeni mno huko: vyombo vilitweka tanga la pembetatu kwenye foromali, mfano wa ngalawa zetu. Ila kuvivuta nchi kavu ilikuwa kazi ya maksai, nao ndio wanaotamalaki katika mchoro wake *Kurejea kutoka Uvuvini* wa mwaka wa 1894.

Mwaka uo huo Sorolla alituingiza ndani ya chombo. Kijana mvuvi amelala ngamani, kifua wazi, amejeruhiwa kazini. Shingoni ana medali ya kumkinga na shari, nayo haikumkinga. Mzee mmoja amemshika mabegani; mwingine anamkandamiza jeraha kwa kitambaa alichokilowesha katika chungu cha maji. Nyuma yao kumelundikwa samaki. Hakuna anayelia wala kututazama.

Hadi hapo tuna picha ya huruma, na picha za huruma zilikuwa nyingi katika zama hizo. Lakini anwani yasema: *Na Bado Wanasema Samaki ni Ghali!* Kiambishi "wa-" hapa hakina rejeleo lolote katika mchoro, maana waliomo ngamani hawanunui samaki. Kihispania nacho kimemficha mtenda katika kitenzi vivyo hivyo. Mtazamaji anayemtafuta hana budi kutoka nje ya fremu, na huko nje hamkuti mtu ila nafsi yake. Mchoro ulipotunukiwa nishani ya daraja la kwanza katika Maonyesho ya Kitaifa ya Madrid mwaka wa 1895, mbele yake walisimama watu wa mji ambao samaki waliwajua mezani tu. Nakiri nami nimo katika "wa-" hiyo. Nimewahi kushindana na mama muuza samaki kwa ajili ya shilingi ishirini, nikaondoka nimefurahi kwa ushindi.

Kwa wanafasihi kuna jambo la ziada. Mwandishi Vicente Blasco Ibáñez, mzawa wa Valencia pia, alikuwa akizuru ufuo uo huo akitayarisha riwaya yake *Flor de Mayo*, iliyotoka mwaka wa 1895, na alieleza baadaye kwamba huko ndiko alikokutana na Sorolla akichora. Riwaya inafikia kikomo kwa maneno yanayokaribiana sana na anwani ya mchoro. Hata hivyo, athari si moja. Riwaya ina nafasi ya kutueleza wivu, deni, magendo na dhoruba, hivyo lawama inatufikia ikiwa na historia ndefu. Mchoro hauna historia; una jeraha na rundo la samaki, basi.

Wapo wanaomkumbuka Sorolla kwa kazi zake za baadaye tu: watoto wakioga, nguo nyeupe, jua juu ya maji. Ni kazi za ustadi usiopingika, ila kwa maoni yangu bahari ndani yake imekuwa ya wageni wa kiangazi. Mvuvi amesogezwa pembeni.

Lakini hata mchoro wa 1894 una pengo. Ngamani mna wanaume watupu, ilhali waliokuwa wakisikia malalamiko ya bei kila asubuhi ni wanawake wachuuzi. Blasco Ibáñez alilijua hilo. Katika riwaya yake, anayesimama ufuoni baada ya chombo kuvunjika na kuulaumu mji kwa hasira ni bibi kizee muuza samaki.