Subaru: Kilimia cha Wajapani kinachowakosesha vijana usingizi

MLIO wake unaujua. Umelala zako saa sita za usiku, mtaa umetulia, hata mbwa wa jirani amekubali yaishe. Mara unasikia kwa mbali: bubu-bubu-bubu-bubu! Vioo vya dirisha vinatetemeka, mtoto anashtuka, na mzee wa nyumba ya pili anatoa neno ambalo gazeti haliwezi kuliandika. Kijana kapita na Subaru yake.

Wapo wanaouchukia mlio huo na wapo wanaouota. Mmoja wa hao waotaji ni bwana mdogo mmoja wa ukoo wetu, ambaye jina namhifadhia kwa sababu mchumba wake naye ni msomaji wa ukurasa huu. Ana akiba ya miaka minne. Kwa mujibu wa mama yake, akiba hiyo ni ya mahari na kiwanja. Kwa mujibu wake mwenyewe, ni ya Impreza ya turbo, rangi ya bluu, rimu za dhahabu. Juzi kanijia na swali moja tu: "Kaka, nichukue au nisichukue?"

Sasa msomaji wangu, swali kama hilo hulijibu umesimama mlangoni. Inabidi mtu avute kiti, tuanze mbali kidogo, huko huko Japani. Na tena tuanzie angani.

NDEGE KWANZA, GARI BAADAYE

Mwaka 1917 ofisa mmoja aliyeacha kazi katika jeshi la majini la Japani, Chikuhei Nakajima, alianzisha karakana ya ndege katika mji wa Ota, mkoa wa Gunma. Karakana ikanenepa, ikawa kampuni kubwa, na Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto ndiyo iliyokuwa ikifyatua ndege za kivita kama Hayabusa. Hata ile Zero maarufu, iliyobuniwa na Mitsubishi, zaidi ya nusu ya zilizoundwa zilitoka kwa akina Nakajima.

Mwaka 1945 Japani ikasalimu amri. Wamarekani wakapiga marufuku kutengeneza ndege. Haya, maelfu ya mafundi wamebaki na spana mkononi, wale nini? Walichofanya kitakukumbusha mafundi wetu wa mtaani. Walichukua magurudumu ya mkia ya ndege ya mabomu iliyoitwa Ginga, yaliyokuwa yamebaki stoo, wakayafunga kwenye kipikipiki kidogo. Wakakiita Rabbit, yaani sungura. Mwaka 1946 sungura huyo alikuwa tayari anakimbia.

Kampuni yenyewe ilivunjwa vipande. Baadaye makampuni matano yaliyotokana na vipande hivyo yakakaa pamoja, na Julai 1953 ikazaliwa Fuji Heavy Industries. Bosi wake wa kwanza, Kenji Kita, alitaka gari lao la kwanza lipewe jina la Kijapani hasa. Akachagua Subaru. Neno hilo lina maana ya kukusanyika pamoja, na pia ni jina la kundi fulani la nyota.

Sasa shika hapo. Nyota hizo si ngeni kwetu hata kidogo. Ndizo hizo hizo Waswahili wanazoziita Kilimia! Mababu walikuwa wakikitazama Kilimia kujua kama wakati wa kushika jembe umefika, na jina limetoka huko huko kwenye kulima. Ile nembo ya nyota sita, kubwa ndiyo Fuji na ndogo tano ndiyo makampuni yaliyoungana. Kwa hiyo kijana anayewaamsha watu usiku amepanda Kilimia, na habari hana.

KIDUDU CHA FARASI 16

Gari lililowatoa lilikuja mwaka 1958, Subaru 360. Kigari chenyewe kilikuwa na injini ya cc 356 yenye nguvu ya farasi 16, ikakaa nyuma. Wajapani walikipenda wakakibandika jina la yule mdudu mdogo wa mviringo mwenye madoa mgongoni. Familia ya kawaida ikaweza kumiliki gari.

Marekani ilikuwa kasheshe. Mfanyabiashara Malcolm Bricklin alikipeleka huko mwaka 1968, na mwaka uliofuata jarida la Consumer Reports, linalowapimia watu bidhaa, likatamka kwamba hakifai. Kampuni nyingine ingefunga virago. Hawa walirudi na kitu kingine.

Na kitu hicho ndicho kinachomnyima bwana mdogo usingizi. Mwaka 1966, kwenye Subaru 1000, walileta injini ambayo silinda zake hazisimami bali zimelala, mbili kulia na mbili kushoto, pistoni zikirushiana kama mabondia. Injini ikilala, uzito wa gari unakaa chini. Uzito ukikaa chini, kona zinakatwa bila gari kuyumba kama mlevi wa saa nane. Halafu kampuni ya umeme ya Tohoku, kaskazini mwa Japani kwenye theluji na milima, ikasema mafundi wake wamechoka kugandishwa kwenye majipu, wanataka gari la kawaida lakini linalovuta magurudumu yote manne. Kutokana na ombi hilo, mwaka 1972 ikaingia sokoni Leone ya kuvuta kwa magurudumu manne. Legacy ya 1989, Impreza ya 1992 na Forester ya 1997, zote ni wajukuu wa ndoa hiyo ya injini iliyolala na miguu minne.

SAFARI RALI ILIVYOHARIBU VIJANA

Lakini tuseme kweli, hakuna kijana wa Nairobi, Arusha au Dar aliyeipenda Subaru kwa sababu ya kampuni ya umeme. Waliipendea vumbi.

Safari Rali ilianza mwaka 1953, mwaka ule ule ilipozaliwa Fuji, na wakati huo ilikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika. Miaka arobaini baadaye, 1993, Subaru walifanya kituko: waliingiza Vivio, kigari cha cc 660 tu, kwenye mashindano yanayovunja magari ya wakubwa. Mskochi Colin McRae alikikimbiza kwa kasi iliyowaacha watu midomo wazi mpaka kikamfia njiani. Mkenya Patrick Njiru yeye alikifikisha mwisho. Ukiuliza wazee wa rali Nairobi mpaka leo, Vivio ya Njiru wanaisimulia kwa mikono miwili.

McRae alilipiza. Mwaka 1995 alichukua ubingwa wa dunia na Impreza, ya bluu yenye rimu za dhahabu, na mwaka 1997 akaishinda Safari yenyewe. Timu ilibeba ubingwa wa makampuni miaka mitatu mfululizo, 1995, 1996 na 1997. Mwaka 2000 Mwingereza Richard Burns akaitia Safari mfukoni, na wa pili alikuwa Juha Kankkunen, naye ndani ya Subaru. Burns alikuwa bingwa wa dunia 2001, Petter Solberg wa Norway 2003. Mwishoni mwa 2008 kampuni ikajitoa kwenye rali ya dunia. Burns alikuwa ameshafariki kwa maradhi 2005, McRae kwa ajali ya helikopta 2007. Waliobaki na mapenzi ni hawa wa mitaani, na mitumba kutoka Japani ikawaletea karibu.

HUO MLIO NI NINI?

Kuhusu mlio, wengi wanadanganywa. Watu husema ni injini kulala. Si hivyo tu. Mlio unatokana na mabomba yanayotoa moshi kwenye silinda kwenda mbele: upande mmoja bomba ni refu, mwingine fupi, kwa hiyo mishindo ya moshi inafika kwa kupishana vibaya, mmoja kawahi, mwingine kachelewa. Ndiyo hiyo bubu-bubu. Matoleo ya baadaye yaliyowekewa mabomba yenye urefu sawa yalipumua vizuri zaidi, na mlio ukapotea. Yaani kinachowaua vijana kwa raha ni kasoro ya mabomba! Na wewe unayekata eksozi la Forester ya kawaida ili ufanane na wa turbo, hiyo ni kelele tu, tena watu wanajua.

WENYEWE WANASEMAJE

Vijiweni, wenye Subaru wana dini yao. Wakipishana barabarani wanawashiana taa. Sifa ya kwanza wanayoitaja ni jinsi gari linavyong'ang'ania barabara: tope, changarawe, lami iliyolowa, linapita. Ya pili ni kiti na uthabiti wa safari ndefu. Mtu anatoka Dar mpaka Moshi anashuka bado ana nguvu ya kusalimia wakwe.

Ukiwanunulia soda ya pili, ndipo wanaanza kusema kweli. Kwanza, mafuta. Turbo inakunywa, na mguu wa kijana hauisaidii. Pili, spea. Mwenye Toyota akikwama anapata spea mpaka duka la kona. Mwenye Subaru anaanza kupiga simu. Tatu, fundi. Plagi zimebanwa pembeni karibu na bodi, na fundi asiyeizoea ataanza kwa kucheka na kumaliza kwa kukuomba hela ya kufungua injini nzima.

Halafu kuna kuchemsha. Injini iliyolala ina silinda hedi mbili, kwa hiyo gasketi mbili, na ile ya cc 2500 ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 ilijipatia jina baya kwa kuvuja hapo. Huko Marekani kampuni yenyewe iliwaita wenye magari hayo waongezewe dawa kwenye maji ya rejeta. Dalili ikianza, maji yanapungua na huoni yanakokwenda. Injini nyingi za rika hilo zina mkanda wa taimingi wa kubadilishwa kila kilomita kama 100,000. Ukikatika, valvu na pistoni zinakutana, na hapo unanunua injini. Familia mpya ya injini iliyoanza 2010 inatumia mnyororo.

Kuna jambo lingine ambalo kwetu linaua Subaru kimya kimya: tairi. Mfumo wa kuvuta magurudumu manne unataka tairi zote nne zilingane, aina moja na kimo kimoja. Sisi tunanunua tairi moja moja ya mtumba. Tairi iliyolika ina mzunguko mdogo, inazunguka haraka kuliko wenzake, na kule katikati panapogawa nguvu panasagika siku baada ya siku mpaka paanze kupiga kelele.

Na la mwisho nililomwambia bwana mdogo nikimtazama machoni. Miguu minne inasaidia kuondoka na kushika kona. Kusimama haisaidii. Ukikuta lori limezima taa mbele yako, breki zako ni breki kama za mtu mwingine yeyote, ila wewe umefika pale kwa mwendo mkubwa zaidi. Vijana wengi hawagundui hilo mpaka siku yenyewe.

TULIKWENDA KUIONA

Hakukata tamaa. Jumamosi tukafuatana kuitazama Impreza aliyoiona kwa muuzaji. Bluu kweli, dhahabu kweli. Bwana mdogo akabadilika sura kama anatambulishwa ukweni.

Mimi nikaweka mkono juu ya boneti. Moto. Na tulikuwa tumeahidiana saa tatu asubuhi, muuzaji anasema haijawashwa tangu jana. Msomaji, injini ya Subaru unayotaka kuinunua isikilize ikiwa baridi, kwa sababu ikishapata moto, magonjwa mengi yanajificha. Nikapita kwenye tairi: mbele mbili za aina moja, nyuma kila moja na kabila lake. Nikauliza risiti ya mkanda wa taimingi. Muuzaji akasema fundi wake ni mtu wa kuaminika.

Nikamwambia tutarudi Jumatatu alfajiri, asiiwashe. Akajibu sawa, ila tupige simu kwanza.

Tulirudi na daladala. Bwana mdogo hakusema kitu mpaka tumekaribia kushuka, ndipo akaniuliza kama Forester isiyo na turbo nayo inakuwa na rangi ya bluu. Nikamwambia zipo. Akauliza tena, kwa sauti ya chini, ikipatikana kwa bei nzuri, chenji itatosha mahari?