Dizeli ya Torino, ushauri wa Mabibo

Mabibo, Dar es Salaam, joto la asubuhi mwezi Julai hushuka hadi nyuzi 18 hivi, na hapo ndipo masweta hutoka sandukuni. Torino, Italia, usiku wa kawaida wa Januari huteremka chini ya sifuri. Ukipanda hadi Sestriere, mita 2,035 juu ya usawa wa bahari, nyuzi 10 chini ya sifuri hazimshangazi mtu. Katika baridi hiyo, Fiat ya dizeli iliyokuwa ikiwaka kwa kuguswa tu mwezi Septemba inaweza kugoma asubuhi moja, mwenye gari akiwa amechelewa kazini.

Kwa Mtanzania aliye Italia, simu ya kwanza mara nyingi huenda nyumbani, kwa fundi anayeaminiwa na ukoo mzima. Ushauri unaosikika sana ni huu: tia mafuta ya taa kidogo, au lisukume, au liache lingurume hadi lipate moto. Yote matatu yana asili yake. Kwa injini ya kisasa, yote matatu yana hatari.

Injini hizi zina historia ya kujivunia. Mwaka 1997 Alfa Romeo 156 JTD, ya kundi la Fiat, ilikuwa gari dogo la kwanza duniani kuuzwa likiwa na mfumo ambao pampu moja hujaza dizeli kwenye bomba la pamoja, kisha kompyuta huamua kila nozo ifunguke lini. Utafiti ulifanywa na watu wa Fiat, lakini kazi ya kuufikisha sokoni iliuzwa kwa Bosch ya Ujerumani. Shinikizo ndani ya bomba hilo lilifika takribani bar 1,350, wakati tairi la gari dogo hujazwa bar 2 na ushei.

Wala dizeli ya Kiitaliano si ngeni Dar es Salaam. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru Novemba 1965 na njia za Zambia za kusini kuingia mashakani, iliundwa kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania ikiwa na mbia wa Kiitaliano, na Fiat zikaanza kubeba mafuta kwenda Zambia na kurudi na shaba. Zilikabiliana na matope, mlima Kitonga na ubaridi wa Makambako. Theluji haikuwamo.

Nta kwenye filta

Dizeli ina nta ndani yake. Baridi ikizidi, nta hiyo huganda vipande vidogo vinavyoziba filta. Dalili yake inafahamika: gari linawaka, linakwenda dakika chache, linaishiwa nguvu, kisha linazima. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya cha EN 590 kimepanga dizeli kwa madaraja, kuanzia A inayopita kwenye filta hadi nyuzi 5 juu ya sifuri, hadi F inayopita hadi nyuzi 20 chini yake, na mengine ya nchi zenye baridi kali zaidi. Vituo hubadilisha daraja kwa msimu. Mtego uko kwa anayejaza tangi mwisho wa kiangazi, akaegesha gari wiki nyingi, kisha akapanda nalo milimani na dizeli ileile.

Mafuta ya taa yalisaidia injini za zamani kwa sababu hayagandi haraka. Pampu ya kisasa, hata hivyo, hulainishwa na dizeli yenyewe. Ikipewa mafuta mepesi husagika, na chembe za chuma huenda hadi kwenye nozo. Watanzania wanaujua mchanganyiko huo kwa jina lingine: uchakachuaji, ambao EWURA, mamlaka ya nishati, iliukabili kwa kutia vinasaba kwenye mafuta tangu 2010. Kwa gari lililoganda, dawa ni gereji yenye joto, filta mpya na subira.

Betri, hita plagi na kusukuma

Baridi kali huweza kuipunguzia betri nusu ya nguvu zake, saa ileile oili imekuwa nzito na stata inahitaji umeme zaidi. Hita plagi nazo, moja kwa kila silinda, hula umeme kabla injini haijazunguka. Taa ya njano ya koili kwenye dashibodi isubiriwe izime ndipo stata ipigwe. Hita plagi zikichakaa, gari hutoa moshi mweupe na kutikisika. Gereji ya Kiitaliano huziita candelette.

Kusukuma na kutia gia ya pili kunakatazwa na vitabu vya Fiat vyenyewe: mafuta yasiyoungua yanaweza kuingia kwenye mfumo wa moshi na kuuharibu. Betri ikifa, ibustiwe kwa waya kutoka gari lingine.

Kungurumisha gari likiwa limesimama ndiko kunakoumiza polepole. Filta ya masizi hujisafisha kwa joto la nyuzi 600 hivi, ambalo hupatikana injini ikifanya kazi kwa muda, kwa kawaida kwenye barabara kuu. Safari fupi za kupeleka watoto shule huacha masizi yakijaa, na dizeli ya ziada inayonyunyizwa ili kuyachoma huteremka kwenye oili. Kipimo cha oili kikipanda badala ya kushuka, oili ibadilishwe mara moja. Ni afadhali kuondoka taratibu mara kioo kinapokuwa safi.

Kabla ya kununua

Kuanzia 15 Novemba hadi 15 Aprili, barabara nyingi za kaskazini zinadai matairi ya baridi au minyororo ndani ya gari. Piemonte, Lombardia, Veneto na Emilia-Romagna pia huzuia magari ya zamani ya dizeli kuingia miji mingi, hasa katika miezi ya baridi, kwa sababu moshi hutuama katika bonde la mto Po. Daraja la gari la utoaji moshi limeandikwa kwenye libretto (kadi ya gari), kifungu V.9. Mnunuzi akisome kabla ya kutoa fedha, na aombe muuzaji awashe gari mbele yake asubuhi, injini ikiwa bado ya baridi.